Jibu la Mshumaa

Saa nne asubuhi, jua la mji wa Siakago limeshaanza kuuma. Kwenye kibanda chake sokoni, Wawira anachana ukurasa wa kitabu kikuukuu, anausoma kwa midomo isiyotoa sauti, kisha anaukunja mfano wa pembe na kuujaza njugu za moto.

"Dada, unatupakia ama unafanya mtihani?" anamtania Njue, mwendesha bodaboda.

Wawira, mwenye miaka ishirini na miwili, anacheka akitazama chini. Zamani hakuwa akisoma. Alinunua vitabu vya kutupwa kwa kilo, akachana, akafunga, akauza. Siku njema hutoka na mia sita.

Machi mwaka huu mteja wake Lydiah, mwalimu wa sekondari, aliona karatasi kabla haijakunjwa. Lilikuwa shairi la Mwingereza aliyefariki karne nne zilizopita. Akamfasiria palepale: mtu yuko peke yake chumbani, anauuliza mshumaa kama ampendaye atarudi.

"Mshumaa ukasema nini?" Wawira akauliza.

Jibu lilikuwa kwenye karatasi iliyofuata. Alikuwa ameiuza asubuhi hiyohiyo, imejaa njugu.

Alizunguka soko zima akiitafuta kwenye takataka. "Leo unataka karatasi, kesho utadai na njugu!" walimcheka wauza pojo.

Hakuwaeleza. Dada yake Kanini, aliyemlea tangu mama yao afariki, alienda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Miaka miwili sasa simu yake haipatikani. Wawira hupika ugali wa mtu mmoja, na bado hutoa sahani mbili.

"Sikujua kuna mtu mwingine huulizaga hivyo," anasema. "Tena Mzungu. Tena wa zamani hivyo."

Wiki iliyofuata Lydiah alilipata shairi lote kwenye simu yake. "Nikusomee?"

"Hapana, Mwalimu. Niandikie tu, kwa hicho Kizungu chake."

Karatasi aliyoandikiwa imo ndani ya Biblia yake. Wawira aliacha shule darasa la tano. Kiingereza chake hakifiki mbali. Januari ataanza ngumbaru, masomo ya watu wazima, jioni tatu kwa wiki, akishafunga kibanda.

"Kama ni hapana, sitaki kuisikia hapa sokoni mbele ya watu. Nitajisomea, neno moja moja. Nikifika hapo nitakuwa nimezoea."

Na kama ni ndiyo?

Anachana ukurasa mwingine, lakini haukunji.

"Nitamsomea Kanini."