Kahawa ya Kutafuna Inakwenda Nairobi

Juzi nilikuwa kwenye duka la simu hapa Bukoba mjini, nikisubiri kubadilishiwa kioo. Kando yangu binti mmoja aliyepata kazi ya kompyuta Nairobi alikuwa anachagua pa kuishi, maana kodi ya nyumba nzima huko haishikiki. Aliegemeza simu kwenye kaunta, na msimamizi wa nyumba ya kupanga kwa pamoja akawa anamtembeza kwa video: chumba chako hiki, jiko la wote, intaneti usiku na mchana.

Mama yake, aliyeingia asubuhi hiyo kutoka kijijini Maruku, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa simu.

"Waitu," akamwita msimamizi kwa neno letu la heshima la Kihaya, "mgeni akifika hapo anapokewa na nani?"

"Anabonyeza namba ya siri, mama," msimamizi akajibu. "Mlango unafunguka wenyewe."

"Sikuuliza mlango."

Msimamizi akacheka. Binti akainamisha kichwa. "Mama, ndiyo nyumba pekee ninayoimudu."

Mama hakubishana. Alifungua mkoba, akatoa kifurushi cha jani kavu la mgomba. Ndani mlikuwa na punje za kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni kabla hatujamuuliza shida yake.

"Hizi si zako. Ukifika, wagawie wote wa nyumba hiyo. Atakayetema, usimkasirikie. Atakayeomba tena, siku ukiugua huyo ndiye umgongee mlango."

Tangu juzi nimesoma matangazo mengi ya nyumba hizo. Yanataja kasi ya intaneti, hata rangi ya makochi. Hakuna hata moja linalotaja mtu wa kumgongea mlango.