Nilivyochelewa Kuchinja Kibugu

Mpwa wangu Hamisi alikuwa anaposa binti wa Mzee Njeru, mkulima wa majani chai huko Kibugu. Sisi ni Waislamu wa hapa Meru mjini, wao ni Wakristo wa kule juu Embu, na mazungumzo yalikuwa yamechukua muda. Mwisho Mzee Njeru akapiga simu, akasema amefuga fahali kwa ajili ya siku hiyo na hataki kuona wageni wake wakipikiwa kando. Kwa hivyo mimi, mjomba mtu na mwuza nyama, nitangulie nichinje kabla ya saa nne asubuhi, nyama iive, na jamaa zote mbili zile kutoka sufuria moja. Hiyo ndiyo heshima niliyopewa.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, baada ya kuswali, nilifunga kisu changu kwenye gunia safi na kukikaza nyuma ya pikipiki. Dada yangu Zaituni, mamake Hamisi, alisimama mlangoni na buibui lake.

"Kaka Swaleh, panda gari ya kwanza. Wewe huna leseni."

"Miaka kumi na tano nabeba nyama na hii pikipiki. Nani ameniuliza?"

"Hawajakuuliza kwa sababu unawakimbia."

Nilicheka. Ukweli ni kwamba nilikwenda shule ya udereva mara moja tu. Nikaona watu wazima wamezunguka ubao uliochorwa barabara, wanasukuma kigari cha kuchezea, na mwalimu mwenyewe ni umri wa mtoto wangu. Nikaona haya. Nikarudi buchani na sikukanyaga huko tena. Polisi wa mjini wananijua, na vichochoro navijua mimi.

Nkubu nilifika kukikucha, akina mama wakishusha ndizi sokoni. Nilisimama kwenye kibanda cha chai si kwa sababu ya kiu. Nilimngoja dereva yeyote anayetoka upande wa Chuka.

"Wako huko mbele?" nilimwuliza mmoja wa lori la mbao.

"Wako hapo tu kwa kona, mzee. Lakini wanashika magari kubwa."

Sikutaka kubahatisha. Nilijibanza nyuma ya lori jingine, tukapita kizuizi pamoja, mimi nimeinamisha kichwa. Ndivyo tulivyo tusio na karatasi: tunasoma taa za wenzetu barabarani. Anayekuja akikuwashia mara mbili, unajua kuna askari, unatafuta pa kupenyea. Nilijiona mjanja sana. Simu ilitetemeka mfukoni mara kadhaa, nambari nisizozijua, nikaiacha.

Embu mjini nilipita saa tatu kasoro, kisha nikaanza kupanda. Hewa ilikuwa baridi, chai imetanda pande zote za barabara, na wachumaji tayari walikuwa na vikapu mgongoni. Nilifurahi. Saa nzima ilikuwa imebaki, na nilishaanza kujiwazia nikikaribishwa.

Karibu na Kibugu, penye njia panda, niliwaona wanaume wawili wamevaa majaketi ya kijani yanayong'aa. Mmoja aliingia barabarani akainua mkono. Sikufikiri hata kidogo, niligeuza usukani nikaingia kijia cha katikati ya majani chai. Nikasikia wakipiga kelele, halafu pikipiki ikinguruma nyuma yangu. Nikaongeza mafuta.

Kijia kilishuka bondeni, na udongo wa huko, ulionyeshewa usiku, ulikuwa unateleza vibaya. Nilianguka mtaroni, pikipiki ikanilalia mguu. Waliokuwa wakinifuata hawakuniona, wakapita juu. Nilikaa pale kimya, mzee wa mvi, nimejificha kwenye chai ya watu. Simu ilikuwa imeingia maji, imezima. Pikipiki ilikataa kuwaka. Ilinibidi kuisukuma kutoka bonde lile, nikiuliza njia, hata jua likawa utosini.

Saa sita na robo niliingia kwa Mzee Njeru nikiwa nimejaa matope hadi masharubu. Moshi wa nyama niliunusa kabla sijafika langoni. Mzee alinipokea kwa mikono miwili.

"Pole, muthoni wangu, mkwe. Tulikungoja mpaka saa tano na nusu. Wazee wakasema nyama haitaiva, wageni wako njiani. Jirani akachinja. Ni nini kilikupata?"

"Gurudumu," nikasema. "Lilitoboka mara mbili."

"Pole sana. Muriithi atakutengenezea." Akamwita mwanawe.

Muriithi alitokea nyuma ya nyumba amevaa jaketi la kijani linalong'aa. Alinitazama, akaitazama pikipiki, akaliona gunia.

"Kumbe ni wewe! Baba, huyu ndiye tulisimamisha pale njia panda, akatuhepa. Tulikufuata, mzee, tukikuita. Si ulitumiwa sisi tukulete? Tulikupigia simu mpaka tukachoka."

Wazee wote waligeuka. Vijana wa nyuma walianza kucheka.

"Nilidhani ni polisi," nikasema.

"Kwani uko na kesi?"

"Sina leseni."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata jikoni. Mzee Njeru hakucheka. Aliinama akapapasa magurudumu yangu yote mawili, yamejaa upepo, kisha akasimama.

"Mimi nilitaka sufuria moja tu," akasema, akaingia ndani.

Saa saba jamaa zangu waliwasili na zawadi na vifijo. Zaituni aliniangalia mara moja akaelewa. Tuliketi upande wetu na mukimo wa viazi vya kupondwa na maharagwe, wenyeji upande wao na nyama ambayo hawakuweza kuila kwa raha, wakituchungulia. Wanja, msichana mwenyewe, alipita na sinia la nyama, akafika kwa mama mkwe wake mtarajiwa, akasimama, akarudi nalo. Machozi yalimlengalenga. Ningeweza kumwambia ni kosa langu, lakini alikuwa anajua.

Muriithi aliitengeneza pikipiki yangu, na kurudi ndiye aliyeiendesha, mimi nimekaa nyuma. Kabla ya Chuka tulisimamishwa. Akatoa leseni, askari akaiangalia, akatutakia safari njema. Haikuchukua hata muda wa kuitikia salamu. Niliona aibu kumshukuru, nikamshukuru.

Nimerudi nyumbani na watu wananiuliza habari za Kibugu. Nawaambia ni pazuri, watu wake ni wakarimu. Nilichojifunza huko ni kwamba mtu akizoea kukimbia, hata aliyetumwa kumpokea atamkimbia. Nilidhani mambo ya leseni ni kati yangu na askari peke yetu.

Mazungumzo hayakuvunjika, namshukuru Mungu. Harusi ni mwezi ujao. Jana nimesikia kwa jirani kwamba Hamisi ameshampata mchinjaji, Mwislamu mmoja wa Embu mjini. Hamisi mwenyewe hajaniambia, na mimi sijamwuliza.