Injini Iliyojizima Njia ya Sake

Sijawahi kuchukia gari kama nilivyolichukia lile la kijivu. Lilikuwa limetumika Ulaya kabla ya kunifikia, safi, halina mkwaruzo, na aliyeniuzia alinionyesha redio, kipoza hewa, hata kamera ya nyuma. Kuhusu ule ujanja wa injini kujizima hakufungua mdomo. Niliugundua mwenyewe siku ya pili, katikati ya msongamano wa pikipiki. Nilikanyaga breki, na injini ikanyamaza kabisa. Nikadhani mafuta yamekwisha. Nilipoinua mguu ikawaka yenyewe, bila hata aibu.

Wenyewe wanasema eti unaokoa mafuta. Huenda. Lakini mimi nililelewa katika nyumba ambamo injini haikuruhusiwa kuzimika ovyo. Baba yangu aliendesha lori la samaki kutoka Vitshumbi kwa miaka mingi, na kwenye barabara ile madereva walikuwa na desturi yao. Dereva akisimama huku injini inanguruma, yuko safarini. Anasalimia tu au anauliza habari za mbele, usijisumbue kumkimbilia. Akizima, amekubali kubeba. Unakwenda na mzigo wako, na haondoki mpaka umepanda. Nyakati za waasi watu walijificha kwenye migomba wakisikiliza hilo tu, na injini ikizimwa walitoka. Mlima wa volkano ulipotapika nikiwa kijana, nilikuwa nyuma ya lori lile, navuta wazee kwa mikono kila mara baba alipozima. Alijivunia jambo moja maishani mwake, kwamba hajawahi kuzima kisha akamwacha mtu.

Tulipohamia Keshero, jirani yetu alikuwa mjane wa msaidizi wa zamani wa baba kwenye lori hilo. Alikuwa mama wa Butembo, mshonaji, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba, kwa hiyo cherehani yake ndiyo iliyotuamsha. Aliwashonea wanangu pacha sare za shule. Mimi aliniita papa mapasa, yaani baba wa pacha, na baba alimwita mwanangu.

Kisha mlima ukatapika tena. Moto uliishia upande mwingine wa mji, lakini ardhi ilikataa kutulia, vyombo vililia kabatini usiku na mchana, na kila mtu alijua tutaambiwa tuondoke. Baba alikuwa hawezi tena kutembea, miguu imevimba. Nilimwahidi kwamba safari hii nitamtoa mimi, kama alivyotutoa yeye. Ndipo nikampelekea gari fundi umeme mmoja tuliyekaa naye dawati moja shuleni. Nilimwambia aukate ujanja ule kabisa, nisije nikafa na wanangu katikati ya barabara.

Aliingia chini ya usukani, akagongagonga, akatoka anafuta mikono. "Kwisha. Haitajizima tena."

Nilizunguka mtaa mzima na kweli haikujizima. Nilimkumbatia. Nilirudi nyumbani nikimsifu kwa mke wangu, kwamba rafiki wa utotoni hakutupi.

Tangazo la kuhama lilikuja asubuhi. Jirani aliondoka mapema kwa miguu, maana sisi bado tulikuwa tunahangaika kumbeba baba hadi kwenye kiti cha nyuma. Mke wangu alikaa mbele na pacha mmoja, wa pili akakaa kando ya babu yake. Nafasi iliyobaki nyuma niliiwekea televisheni, nimeifunga blanketi. Naitaja hiyo televisheni kwa sababu nimeshawasimulia wengi safari hii bila kuitaja.

Njia ya Sake ilikuwa imejaa watu hadi kwenye mawe ya kando. Magodoro, mbuzi, masufuria, wagonjwa kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Tulitambaa hadi karibu na ziwa la Lac Vert. Hapo lori lililokuwa mbele yetu lilisimama ghafla, nikakanyaga breki, na injini ikanyamaza.

Hatua chache mbele, kando ya barabara, alikuwa jirani yetu, kichwa cha cherehani kikiwa juu ya kichwa chake ndani ya kitenge. Aligeuka. Alisikia ule ukimya kama mtu aliyeolewa na mtu wa lori anavyoweza kuusikia. Aliliona gari letu, akamwona baba dirishani, na uso wake ukafunguka. Akatua cherehani pale pale juu ya jiwe ili awe mwepesi, akaanza kupenya katikati ya watu kuja kwetu kuuliza mzigo uingie wapi.

Lori la mbele likasogea. Nyuma walipiga honi, mtu akapiga bodi la gari kwa kiganja. Niliinua mguu, injini ikawaka, tukaenda.

"Zima moteri," baba alisema. "Umungoje ule mama."

Nilimwambia njia haikubali. Kwenye kioo nilimwona amesimama, mkono bado umeinuliwa. Kisha aligeuka kurudi kwenye jiwe lake, na watu wakamfunika.

Tulifika Sake. Jirani alifika baada yetu, viatu mkononi, bila cherehani. Alipolirudia jiwe alikuta halina kitu. Alitusalimia mmoja mmoja, akauliza kama baba amekula, akaenda kukaa na watu wa parokia yake upande mwingine wa uwanja tulipolala wakimbizi.

Kesho yake dereva mmoja aliyekuwa na gari kama langu alinionyesha kitufe kidogo karibu na redio, chenye herufi ndani ya duara. Ukikibonyeza, injini haijizimi. Lakini ukizima gari na kuliwasha upya, kinasahau, na ujanja unarudi. Yule fundi hakukata chochote. Alibonyeza kitufe, akagongagonga ili nisikie kazi, akaniacha nimkumbatie. Niliumia kuliko ninavyoweza kueleza. Aliyeniuzia alinificha, gari lilinigeuka mbele ya baba na wanangu, na rafiki niliyemwamini alijua kabisa nalitaka gari lile kwa nini.

Nilikimbia kumweleza baba. Nilitaka anihurumie, nikaeleza yote, kitufe, herufi, fundi. Alinisikiliza akikanda magoti yake.

"Gari ilisimama yenyewe, nimesikia," alisema. "Na kuenda, ilienda yenyewe?"

Mguu ulikuwa wangu.

Tuliporudi Keshero nilikwenda kwa jirani na maelezo yale yale. Alinipa kiti. Alisema, "Nimesikia, papa mapasa." Nilipomwambia nitamtafutia cherehani nyingine, alishukuru, kisha akaanza kuongea habari za mvua. Asubuhi zikawa kimya upande ule wa ukuta, na sisi tukaanza kuchelewa kuamka.

Nilimpata fundi mwingine, mzee mkali, akaukata waya wa ujanja ule mbele ya macho yangu na kunipa kipande chake. Nililijaribu gari siku tatu mfululizo, nikilizima na kuliwasha upya, na halikujizima tena. Baba alifariki msimu wa mvua uliofuata. Hakulirudia tena jambo lile, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Miaka ikapita, na waasi wakaja. Mapigano yaliposhuka kutoka Sake, mabomu yalisikika hadi jikoni, nasi tukaamua kuvuka mpaka wa nchi asubuhi. Televisheni niliiacha ukutani. Mke wangu alikaa mbele, na kiti cha nyuma kilikuwa na pacha wawili na nafasi ya mtu mzima. Nilipiga hodi kwa jirani, nikakuta kufuli.

Tulimkuta mbele kidogo, anatembea peke yake kuelekea mjini. Alikuwa na cherehani nyingine, sijui aliipata wapi, iko juu ya kichwa ndani ya kitenge. Nilimpita kidogo, nikasimama, nikazima injini kwa mkono wangu. Nilishuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikasubiri.

Alifika, akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Mama, nimezima," nilisema. "Nimezima na mukono yangu. Fasi iko."

"Naona, papa mapasa. Muende tu. Miye natembeya."

Alisema bila hasira yoyote, akawaambia pacha wamtunze mama yao vizuri. Kisha akapita kando ya mlango uliokuwa wazi, mikono yote miwili juu, ameishika cherehani, na hakuitua.