Kambare wa Sebuleni

Mzungu aliyekuwa msimamizi wa mume wangu kwenye machimbo ya bati, Kyerwa, aliporudi kwao alituachia tangi la kioo alilokuwa akifugia samaki wadogo. Mume wangu, karani, alitaka tuliuze. Nilikataa. Nilikuwa mke mgeni kutoka Muleba, sina hata jirani wa kuzungumza naye, nikaona kitu kama kile kitawaleta wanawake kwangu.

Tulikwenda wote kwa wavuvi wa mto Kagera. Mvuvi mmoja alikuwa na kambare hai ndani ya mtungi. Akanitolea wawili wadogo, ngozi safi, sharubu nzima.

"Hawa watakukalia vizuri," alisema.

Nikachungulia mtungini. Chini kabisa alilala mmoja mkubwa, mweusi, kichwa kipana kama jembe.

"Nataka yule."

"Yule ni wa sufuria, mama."

"Ndiye ninayemtaka."

Mume wangu alicheka, akamfunga kwenye gunia bichi nyuma ya baiskeli.

Wanawake walikuja kweli. Waliingia, wakashika midomo, wakakaa, wakanywa chai. Nilikuwa na furaha, ingawa niliona jinsi samaki anavyopata taabu kugeuka. Ilimbidi ajikunje mpaka kichwa kikutane na mkia, na kila mara ubavu wake ukakwaruza kioo. Nilijiambia atazoea.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Nyakakika kunitazama, maana nilikuwa mjamzito. Nilimwamkia shikamoo mlangoni, akaitikia vizuri, akaingia, akasimama mbele ya tangi na mzigo wake wa ndizi ukiwa bado kichwani.

"Huyu mmemweka wa nini?"

"Wa kutazama tu, mama. Hatumli."

Akatua mzigo. "Kwetu nilikozaliwa, huyu ndiye mwiko wetu. Hatumli, hatumuui, hatumfanyii mchezo." Akainama karibu na kioo. "Mwanangu, hawezi kugeuka."

Nilimwangalia mume wangu. Akatazama chini, akasema alidhani mwiko ni wa kula tu.

Nikaahidi kumrudisha mtoni. Lakini nilikuwa nimewaalika wake za makarani Jumapili baada ya ibada, nikaomba tungoje ipite. Mama mkwe hakubisha. Alichukua kanga yake, akalifunika tangi. Jumapili, kabla wageni hawajafika, niliifunua ile kanga, nikaikunja, nikaiweka kitini. Yeye alikuwa jikoni akimenya ndizi zao. Hakutoka mpaka walipoondoka.

Kesho yake alisema amekumbuka migomba yake, inabidi aende. Migomba hiyo ilikuwa mikononi mwa shemeji yangu, sote tulijua. Mume wangu alimsindikiza bila kunisemesha.

Aliporudi nilikuwa nimekwisha kumfunga samaki kwenye gunia. Tukaenda mtoni. Nilipomwachia majini hakuondoka. Alikaa pale, mwili umepinda kama bado yumo ndani ya kioo, ubavu mmoja umechubuka mpaka nyama inaonekana. Kisha akaenda upandeupande, akapotea kwenye mafunjo.

Tangi tuliliuza kwa mwenye duka wa Nkwenda, akapangia mikate.

Nilipojifungua, mama mkwe alirudi. Alinipikia, akanikanda, akamwogesha mtoto, na wala hakumtaja samaki. Nilitamani ataje. Nilizidi kuona vibaya kila aliponiletea uji. Mwishowe, mtoto akiwa kwenye beseni, nilimwambia mwenyewe kwamba tulimrudisha.

"Alikwenda?"

"Alikwenda upande, mama."

Akaendelea kummiminia mtoto maji mgongoni.

"Maji yatamnyoosha," alisema.

Sikujua kama aliamini hivyo au alikuwa ananihurumia. Niliona haya kumwuliza.