Mayai Saba katika Nyasi za Con Herlihy

Abina Cremin hakuwa mtu wa kukumbatia watu, ila kuku aliwakumbatia. Nilimwona kwa macho yangu asubuhi moja ya baridi, kamtia koo wake mwekundu ndani ya koti, kichwa cha kuku kinachungulia chini ya kidevu chake, naye anamwagia nguruwe pumba kama kawaida. "Ana mafua," aliniambia. Marehemu mumewe alipokuwa na mafua, Abina alimpa ndoo akakamue ng'ombe.

Nyumba yetu mimi na Denny iko katikati. Ya Abina ilikuwa upande wa juu na ya Con Herlihy upande wa chini, mashamba matatu ya hapa Gortnaleen yanayokunywa kijito kimoja. Kwa hiyo hakuna lililopita baina yao nisilione. Wengine huniita mmbeya. Dirisha la jikoni kwangu ndivyo lilivyojengwa, na sikulijenga mimi.

Abina alikuwa mjane wa miaka sitini na ushei, mwenye ng'ombe wawili na kuku thelathini. Kuku hao walikuwa wekundu, wa mayai ya kahawia iliyokolea. Sisi wengine tulifuga weupe wenye mayai meupe. Kila Aprili tulimwendea. Ukikosa kuku wa kuatamia alikuazima wake, maana alimjua koo aliyeshikwa na hamu ya kuatamia kabla kuku mwenyewe hajajijua. Alimpenyezea mkono chini ya tumbo, akatulia, kisha akatoa hukumu: "Huyu bado anacheza. Yule pale pembeni ndiye mwenye nia." Mayai alikupa kumi na matatu, hayapungui wala hayazidi, kila moja limechorwa msalaba wa masizi ili kuku mwingine akija kutagia humo uyatambue mageni. Mapora, yaani majogoo wachanga, hakuwavumilia wakizidi. "Jogoo mmoja ni saa," alisema. "Majogoo wawili ni kikao cha madiwani." Walipoanza kukoroma badala ya kuwika, yeye alianza kutafuta sufuria.

Sasa, kwetu kuna jambo ambalo kasisi hulikemea kila mwaka, nasi huitikia amina kisha tukarudi nyumbani kukagua. Mtu akitaka kukuibia bahati, huficha mayai ndani ya nyasi zako kavu. Mayai yakioza, mali yako nayo huoza, na ya kwake hunenepa. Ukiyakuta usiyaguse kwa mkono. Unayachota kwa koleo, unayachoma moto. Na yakikutwa siku za mwanzo wa Mei, ndiyo mabaya kupita yote.

Tarehe mbili Mei, mwaka wa hamsini na sita, Con Herlihy alikuta mayai saba katika nyasi zilizosalia ghalani mwake tangu mwaka uliopita. Ya kahawia.

Con alikuwa kapera, rika moja na Abina, mwenye upara na kofia asiyoivua ila kanisani. Mwezi Machi ndama wake alizaliwa amekufa. Aprili ng'ombe wake bora akavimba kiwele. Mtu wa hali hiyo hahitaji kusukumwa. Akayachota yale mayai, akayamwagia mafuta ya taa, akayachoma. Moshi niliuona nikadhani ni magugu. Kesho yake, kwenye foleni ya kiwanda cha maziwa, palipo na mikokoteni ya punda ishirini na midomo zaidi ya hiyo, akasema: "Mayai ya kahawia. Mimi simtaji mtu. Kuku wa mayai ya kahawia mnajua wako kwa nani." Simtaji mtu! Ni heri angemtaja tu.

Ulimi hauna mfupa. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imevuka mlima. Watu hawakumtukana Abina, na afadhali wangemtukana. Walimwitikia salamu wakitazama viatu vyao. Kwetu mgeni akikukuta unasukasuka maziwa, hukizungusha chombo mara moja akakutakia siagi nyingi. Sasa Abina alipotokea mlangoni, wanawake walikifunika chombo kwa shuka. Con, aliyemkatia nyasi kila kiangazi kwa farasi wake, akaanza kupita njia ya nyuma. Bila hizo nyasi ng'ombe wawili wale wasingeuona mwaka mpya, na mjane asiye na ng'ombe wala jirani hana sababu ya kubaki.

Na mimi? Niseme, maana nimeshaanza kuwasema wengine. Nilikuwa na mayai yake kumi na matatu chini ya kuku wangu mweupe, siku ya kumi na mbili. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na tayari mbili zilikuwa zimeharibika. Nilichukua koleo. Sikumwambia Denny. Niliyafukia nyuma ya zizi, na kuku wangu akazurura barabarani wiki nzima akilia. Naona haya hadi leo.

Katikati ya mwezi yule koo wake mwekundu akapotea, yule yule wa ndani ya koti. "Mbweha," Abina alimwambia Denny langoni, bila kunitazama mimi. Wiki tatu baadaye akamwambia na jingine: kaka yake aliyeko mjini Coventry amemwandikia aende wakaishi pamoja, na dalali wa mashamba atakuja Alhamisi kuiangalia nyumba.

"Coventry utafuga nini, mama?" Denny akauliza.

"Vumbi," akasema Abina, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa nafuta kioo cha dirisha, na kilikuwa kichafu kweli, nikamwona Con anapanda konde letu. Kichwa wazi. Nilidhani kuna msiba. Upara wake ulikuwa mweupe pe, jua halijapata kuuona. Kwapani kambana kuku mwekundu aliyekuwa akimdonoa mkono kwa ghadhabu, na mkono wa pili kashika kofia kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mchuzi. Kofia ilikuwa inapiga kelele: pii, pii, pii.

Nilikitupa kitambaa nikamfuata. Nilijificha nyuma ya ukuta wa Abina, ingawa kwa tumbo lile sijui nilimficha nani.

"Abina," akasema Con mlangoni. "Nimekuletea kuku wako."

"Kuku wangu kaliwa na mbweha."

"Basi mbweha ni mimi."

Abina akatoka. Akamtazama kuku, akaitazama kofia. Akahesabu vifaranga kwa midomo bila sauti, hadi kumi na moja. "Alikuwa wapi?"

"Ghalani. Ndani kabisa ya nyasi. Nimechoma uma nikidhani panya, akanirukia usoni. Tazama!" Akaonyesha shavu. "Kidogo anitoe jicho."

"Nyasi za nani?"

Con akakohoa. "Zangu."

"Na yale saba ya mwanzo?"

"Yake. Lazima yawe yake. Nilipoyachoma, akasogea hatua tatu akaanza upya."

"Ah," akasema Abina. "Kumbe mchawi ni kuku."

"Abina, nisamehe. Nimekukosea, nakuomba radhi."

Nilidhani atalia, au atamkaribisha chai. Simjui Abina vizuri, ndivyo nilivyogundua. Alimpokonya kuku, akampakata, na uso wake ukawa mwekundu kuliko kuku.

"Unaniomba radhi hapa, mlangoni, kimya kimya? Siku uliponipaka matope palikuwa na watu wangapi?"

"Labda... ishirini."

"Basi kanisafishe mbele ya hao ishirini. Palepale penye foleni ya maziwa, si kwingine. Ishirini na mmoja, maana Breda yuko nyuma ya ukuta wangu ananiatamia mawe."

Kesho yake, Jumatano, sikumwachia Denny mkokoteni. Maziwa niliyapeleka mwenyewe. Con alifika wa mwisho, na kando yake alikaa Abina, amevaa koti la kanisani na kofia yenye pini, mgongo umenyooka kama mlingoti. Nyuma yao, baina ya madebe ya maziwa, kulikuwa na sanduku la majani ya chai lililofunikwa wavu. Mikokoteni yote ikanyamaza. Hata punda mmoja aliyekuwa akilia aliacha.

Con akapanda jukwaa la madebe. Hakuwa msemaji, masikini. Aliivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mwezi uliopita nilisema jambo hapa," akaanza. "Nilisema mayai... Nilisema kuna mtu. Basi hakuna mtu. Kuna kuku. Huyu hapa."

Akafunua sanduku. Koo akachomoza kichwa, akawakagua wote, kisha akaketi tena juu ya wanawe. Mtu akacheka kidogo, mwingine akafuata. Lakini palepale sauti ikatoka nyuma: "Na ndama wako je, Con? Naye kauawa na kuku?"

Kicheko kikakatika. Nilimwona Abina anafumba macho. Hilo ndilo lilikuwa limebaki, na bila jibu lake kila kitu kingeishia mzaha tu, na jina lake lingebaki na doa.

Con aliikunjakunja kofia yake mpaka nikaionea huruma. "Ndama alikuja kinyumenyume," akasema. "Niliona miguu ya nyuma saa kumi na moja alfajiri. Nikasema nitamweza peke yangu, daktari wa mifugo wa nini, ni fedha tu. Nilipomwita alikuwa ameshakufa. Nimemuua mimi. Kisha nikatafuta mtu wa kumbebesha, na mwenye kubebeshwa hakuwa mbali. Huyu mama ana ng'ombe wawili na hana mume. Kuku mwenye watoto halengwi jiwe, na mimi nimemlenga. Sasa nichekeni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mzee aliyekuwa mbele ya foleni akaurudisha nyuma punda wake, taratibu, akasema, "Abina, pita mbele, mama. Wewe una watoto wachanga." Hapo ndipo vicheko vilipolipuka, na safari hii vilikuwa vya heri. Wanawake wawili wakalizunguka sanduku. Mmoja akauliza kama bado kuna koo mwingine mwenye nia, maana yeye mayai anayo na kuku wake wanacheza tu.

Kurudi, Abina alikataa mkokoteni wa Con akapanda wangu. Alikuwa akilia, machozi yanamteremka bila ya uso kujikunja, na hakuyafuta. Nami nikaona nisiposema sasa sitasema kamwe.

"Mama, yale mayai uliyonipa..."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Kuku wako. Kuku anayeatamia hazururi barabarani siku ya kumi na mbili." Akapenga kamasi. "Con ni mjinga, Breda, amezaliwa hivyo. Lakini wewe nilikuzoea."

Afadhali angenipiga kofi. Nikaanza kulia na mimi, punda akasimama peke yake katikati ya njia, akidhani tumefika.

"Basi, basi," akasema. "Utamzaa mtoto mwenye kwikwi. Kesho uje uchukue mengine kumi na matatu. Na uyabebe kwa mikono yako."

Niliyabeba kwa mikono yangu. Alhamisi hiyo hiyo dalali alikuja na kitabu chake, akakuta mlango wazi na Abina yuko bandani, akaambiwa amepotea njia, Coventry iko ng'ambo ya bahari.

Wale kumi na mmoja walikua. Mungu ana utani: saba walikuwa mapora. Kufikia Septemba, mwezi niliojifungua Nonie wangu mzima wa afya, walikuwa wakipigana juu ya ukuta na kuwika kwa sauti za milango mibovu. Con naye akapata ujasiri wa kudai haki yake. "Wameanguliwa kwa joto la nyasi zangu," akasema. "Nusu ni wangu."

"Chukua nusu ya juu," akamjibu Abina. "Ile inayowika."

Wakabishana hivyo miezi miwili, na Con akamkatia nyasi zote huku wakibishana.

Kisha ukafika mkesha wa Mtakatifu Martin, mwezi Novemba. Siku hiyo kila nyumba kwetu huchinja jogoo mchanga, na kwa damu yake huchorwa msalaba kizingitini, ili mabaya yapite mbali kwa mwaka mzima. Mwenye nyumba ndiye huchora. Con alitualika kwake alasiri, mimi na Denny na majirani watatu wanne, na Abina akaja na pora mnene kuliko wote chini ya kwapa. Con akamchinja uani, akakinga damu katika kikombe. Tukasimama mlangoni tukimngoja achore tuingie, maana upepo ulikuwa mkali.

Con hakuchora. Alimnyooshea Abina kikombe.

"Chora wewe," akasema.

"Nyumba si yangu, Con."

"Najua si yako. Mkono wako ndio nautaka mlangoni mwangu."

Abina alikitazama kile kikombe muda mrefu, hata damu ikaanza kuganda ukingoni. Mwishowe akavua glavu, akachovya kidole, akainama kwa shida kwa sababu ya magoti yake, na akachora msalaba kwenye kizingiti cha Con Herlihy, polepole, bila kukosea mstari.