Baba Mkwe Anasema Nimemfuta

Admin, jina langu lifiche, huku Mikumi tunajuana. Nina miaka 31, nimeolewa, mama wa watoto wawili. Baba mkwe anaishi Kilosa ila ana gesti hapa, mimi na mume wangu ndio tunaiendesha. Wageni walipopungua nikajifunza kutengeneza tovuti kwa kuangalia video kwenye simu. Sijasomea, lakini ilitoka safi: picha za vyumba, bei, namba ya simu juu kabisa.

Mzee akaikataa. "Mgeni hajapewa hata salamu, anaonyeshwa kitanda?" Akataka ifunguke na picha yake kubwa amevaa suti, salamu ndefu ya maandishi yanayotembea, na kwaya inayoanza yenyewe. Nikaweka, ningefanyaje, ni baba. Jamani, ikawa haifunguki! Mtu yuko safarini, mtandao unasuasua, bando linakatika anamsubiri mzee atokee. Namba ya simu imesukumwa chini huko, nani atafika? Mgeni mmoja akaniambia, "Dada, nilidhani tangazo la msiba." Niliona aibu mpaka basi.

Nikamwonyesha mume wangu kwenye simu yake ya zamani. Akasubiri mpaka akasonya. "Ondoa bwana, mzee nitaongea naye mimi." Nikaondoa, nikabakiza mstari mmoja wa kumkaribisha mgeni. Wiki hiyohiyo simu zikaanza kuita.

Kumbe mume wangu hakuongea naye. Mzee akafungua tovuti mwenyewe, akanipigia: "Umenifuta? Niko hai, umenifuta?" Nikamwambia, "Shikamoo baba, nimefuta picha tu." Marahaba hakuitikia. Kwake kumfuta mtu ni kumtoa kwenye ukoo. Nikampa mume wangu simu aeleze. Nikamsikia kwa masikio yangu: "Baba, hata mimi nimeshangaa."

Jumapili naitwa Kilosa kuomba radhi mbele ya ukoo, la sivyo gesti anapewa shemeji na sisi tutafute pa kwenda. Mume wangu ananibembeleza, "Kubali tu mama watoto, kwako litaisha, kwangu halitaisha." Nina hasira jamani. Nikisema ukweli kwenye kikao, baba na mwanawe ndiyo basi tena. Nikinyamaza, nitapiga magoti kuomba radhi kwa jambo aliloniagiza mwanaume atakayekuwa amekaa pale pale, ananitazama.

Wenzangu mlioolewa, niambieni: niseme au nimeze?