Mlango Uliofunguka Mara Mia Nne

Mtaani walimwita Mama Risasi, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alitegemea kukutana na askari. Badala yake alikuta mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minne, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, vidole vya mkono wa kulia vina makovu madogo ya moto. Risasi yake ilikuwa ile ya kulehemu, uzi laini unaoyeyuka kwenye ncha ya pasi na kuacha tone linalong'aa.

Miaka ishirini na sita aliitumikia kampuni ya simu za mezani, akitafuta laini mbovu kati ya maelfu ya waya. Kisha simu za mezani zikafa moja moja kama wazee wa rika moja, kituo kikafungwa, naye akarudi nyumbani na sanduku la vifaa na mazoea ya kuamka saa kumi na moja alfajiri. Mwaka mzima hakujua la kufanya na mikono yake. Binti yake aliyekuwa chuoni ndiye aliyemletea bodi moja ndogo kama kiberiti, yenye chipu katikati.

"Mama, hii unaiandikia unachotaka, nayo inafanya."

"Inafanya bila kubisha?"

"Bila kubisha."

"Basi imewazidi ninyi wote niliowazaa."

Alijifunza polepole, kwa ukaidi wa mtu mzima asiyetaka kuonewa huruma. Akagundua kwamba mambo yenyewe hayakuwa mageni: waya huleta habari, chipu husikiliza, amri hutoka. Akatengeneza bodi ya kuzima pampu tangi likijaa, kisha ya kengele ya shule. Wateja wakaja mmoja mmoja. Mwishowe akaja mdogo wake wa kike.

Walichangia tumbo moja, miaka minane kati yao. Mdogo mtu alikuwa ameacha ukarani ili aangue vifaranga vya kuuza. "Mashine ataniundia dada," aliwaambia watu, kama mtu anayesema ana hati ya nyumba. Dada akaiunda: kabati la mbao lenye trei nne, hita, feni, kihisi joto, skrini ndogo, na swichi mlangoni, ili mlango ukifunguliwa hita izimike isije ikamuunguza mtu mkono.

Kundi la kwanza, mayai mia mbili na arobaini, lilikufa lote.

Mama Risasi alikwenda, akachomeka kompyuta yake kwenye bodi, akakaa siku tatu akitazama joto. Lilinyooka kama uzi wa fundi mwashi: nyuzi thelathini na saba na nusu, usiku na mchana. "Mashine ni nzima," akasema. Mdogo wake aliyapokea maneno hayo ameinamisha kichwa. "Basi ni mimi," akajibu. "Wengine hawana mkono wa kuku." Baada ya hapo akawa anaosha trei kimya kimya, akizisugua hata zilizokwisha kutakata.

Kundi la pili, mayai mengine mia mbili na arobaini, lilipofika siku ya tisa, simu ikalia asubuhi: skrini inasoma thelathini na tatu. Mama Risasi akaenda, akachomeka kompyuta. Joto likapanda, likatulia. Akarudi kwake. Kesho yake, thelathini na mbili. Akaenda tena, kabati likatulia tena kama halijawahi kukosa.

"Dada, mashine yako inakuogopa," mdogo wake akasema. "Ukija inajifanya mtoto wa adabu. Ukitoka tu, inarudia mambo yake."

Shemeji, mume wa mdogo wake, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Hata mimi, shemeji, nikikuona naacha ujinga."

Wao walicheka. Yeye hakucheka, maana utani ule ulimkaa kama mwiba. Ni kitu gani kilichopo nikiwepo, kisichokuwepo nikiondoka? Mimi mwenyewe, na waya wa kompyuta. Akaandika mistari michache zaidi: kila hita inapozimwa kwa sababu ya mlango, chipu ihesabu, namba ijitokeze kwenye kona ya skrini. Akachomoa waya, akaaga.

Asubuhi simu ikalia.

"Inasema mia nne kumi na mbili."

"Wewe umefungua mlango mara ngapi?"

"Mimi? Hata mara moja." Sauti ikageukia upande wa pili wa nyumba. "Baba nanihii! Umekuwa ukichungulia mayai yangu?"

"Mayai? Mimi nimelala!"

"Mara mia nne?"

"Mke wangu, hata jikoni kwenyewe siendi mara mia nne kwa mwaka!"

"Hapo amesema kweli. Mwache," Mama Risasi akasema simuni. "Si yeye."

Alikata simu, akakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Mlango ukiwa umefungwa, waya ule wa swichi haugusi kitu. Lazima ushikwe na kitu upande wa chipu, la sivyo unaning'inia hewani na kuokota kila kelele ya umeme, hasa ya feni, na chipu inadhani mlango umefunguliwa, inazima hita. Waya wa kompyuta ulipochomekwa, ulileta pa kuegemea, kelele ikatulia. Kituoni alikuwa akiwafokea vijana kwa jambo hilo hilo: laini isiyofungwa mwisho wake husikia hata isiyoambiwa.

Akaifungua programu, akailinganisha na ya zamani. Katika ile ya zamani mstari wa kuushika waya ulikuwepo. Ulikuwa mmoja, mfupi. Aliufuta mwenyewe wiki moja kabla ya kundi la kwanza, siku aliyokuwa akiisafisha programu ipendeze, kwa kuwa hakukumbuka ulikuwa wa nini.

Njiani alibeba pasi, risasi na rezista moja ndogo kama punje ya mchele, ya kuushika waya ule badala ya mstari. Mstari unaweza kufutwa tena siku nyingine. Kilicholehemiwa kinahitaji mtu adhamirie kukiondoa. Kazi ingechukua dakika tano. Kisha angeweza kusema "nimerekebisha kidogo," na hakuna mtu nyumba ile ambaye angeuliza zaidi. Mdogo wake angebaki na imani yake ya mkono usio wa kuku.

Alilehemu, akapuliza moshi. Joto likaanza kupanda bila waya wa kompyuta.

"Lile kundi la kwanza nililiua mimi," akasema, bado ameshika pasi. Akaeleza lote: waya, feni, mstari. Hakumtaja shetani wala umeme wa mgao.

Mdogo wake alisikiliza hadi mwisho. "Uliniambia mashine ni nzima."

"Nilikuambia."

"Miezi miwili, dada. Miezi miwili naitazama mikono yangu hii."

Pole ilimjia Mama Risasi mdomoni, akaiona nyepesi, akaimeza.

Mdogo wake alivuta pazia chumba kikawa giza, akawasha tochi, akatoa trei ya juu. Akalibana yai la kwanza kwenye mwanga. Halikuwa na mishipa, ila kivuli kilichokwama upande mmoja. "Shika," akasema, akamtia dada yake kiganjani. Mama Risasi akalishika, likiwa na uvuguvugu wake, akaliweka kwenye beseni la yaliyokufa. La pili vilevile. "Shika." La tatu likawa na mishipa myekundu iliyotawanyika, na katikati kitu kidogo kama punje ya maharage kikashtuka, kikajisogeza.

Mdogo wake alilitazama muda mrefu. Kisha akalitia kiganjani mwa dada yake kama yale mengine, na kwa mkono wake mwenyewe akavikunja vile vidole vyenye makovu kulizunguka.

"Hili lirudishe ndani," akasema. "Upesi, lisipoe. Bado mia mbili na thelathini na saba."